Magitaa ya Kampuni ya Teksi: Nani Hasa Mtunzi wa Sikinde?

Katika toleo lililopita la jarida letu hili mwenzetu mmoja aliandika, tena kwa kujiamini sana, kwamba nyimbo za muziki wa dansi haziwezi kuhakikiwa kama fasihi kwa sababu hazina mtunzi anayeeleweka. Alitoa mfano wa Mlimani Park: leo wimbo unaimbwa na huyu, kesho mwimbaji amehamia bendi nyingine, keshokutwa wimbo uleule unapigwa na watu wengine kabisa, basi hapo utamhakiki nani? Akamalizia kwa kuwaita wanamuziki waliohama mwaka 1985 wasaliti. Nilipousoma ukurasa ule nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana swali lake ni zuri kuliko jibu lake. Mtunzi wa Sikinde ni nani? Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kurudi kwenye miaka saba ya mwanzo ya bendi hiyo, 1978 hadi 1985. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiyetaka kuendelea aishie hapa: mtunzi ni bendi, na bendi yenyewe ilikuwa ya kuajiriwa, isiyomiliki hata gitaa moja. Asiyelijua hilo la pili hawezi kuzisoma nyimbo zile sawasawa.

Kwanza nikiri. Mimi nimezaliwa miaka mingi baada ya hayo yote, tena mbali na Dar es Salaam. Nyumbani kwetu ni Maisaka, mjini Babati, na Sikinde niliijulia kwenye kibanda cha fundi redio, sikuijulia ukumbini. Mzee yule bado anatengeneza redio ambazo wenyewe wameacha kuzifuata, na akishamaliza moja huijaribu kwa kutumbukiza kaseti. Likizo hii, nilipofika na basi la kupitia Dodoma na Kondoa, nilimpelekea swali la mwenzetu. Nikamwamkia, nikavuta kigoda, nikamwuliza: mzee, huu wimbo ni wa nani? Akajibu bila kuinua macho: "Wa Mlimani." Nikasema namaanisha aliyeutunga. Akarudia, safari hii kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto: "Si nimekwambia ni wa Mlimani, mwanangu?" Nilipomtajia majina ya waimbaji aliyajua yote, hata nani alitokea bendi gani na lini. Kumbe hakukosa jibu. Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa lile tunalofundishwa kulitafuta.

Sisi wa idara ya fasihi tumezoeshwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la andishi: Kinjeketile ni ya Ebrahim Hussein, Kichomi ni ya Kezilahabi, na mwanafunzi asiyelijua jina la mtunzi hana haja ya kuingia kwenye chumba cha mtihani. Fungu la pili ni la simulizi, ambako tunaambiwa kazi ni mali ya jamii nzima na mtunzi amesahaulika zamani. Nyimbo za dansi zinakataa kukaa fungu lolote. Watunzi wake wanajulikana kwa majina, wengine tunazijua hata sura zao, lakini wimbo hauwi wimbo mpaka watu kumi na tano wameushika. Mwenzetu alipoona haziingii kwenye mafungu yake akazitupa nje. Mimi nadhani mafungu ndiyo madogo.

Hebu tuanze na vyombo. Bendi za dansi hapa kwetu hazikuanza na waajiri. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na hizo zilikuwa klabu: wanachama walichanga, vyombo vikawa vya klabu, na mpigaji alikuwa na shughuli yake nyingine mchana. Mambo yalibadilika mwaka 1964, chama cha wafanyakazi cha NUTA kilipounda bendi yake na kuwalipa wanamuziki mshahara wa mwezi. Hapo ndipo mpiga gitaa naye alipokuwa mfanyakazi kama karani au utingo. Wengine wakaifuata njia hiyo: Jeshi, Polisi, Magereza, Umoja wa Vijana, hata shirika la mabasi ya jiji, UDA. Angalia majina tu. NUTA ilipogeuka JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU ikawa OTTU Jazz. Ni kama mtoto anayebadilishwa jina kila baba yake anapobadili kazi! Jina lililodumu ni lile ambalo mwajiri hakulitoa: Msondo, jina la mtindo.

Naomba msomaji alishike hilo la majina mawili, moja la mwenye mali na moja la mtindo, kwani tutalirudia.

Mwaka 1978 kampuni moja ya usafiri na teksi, TTTS, nayo ikataka bendi. Ndiyo kusema Mlimani Park haikuanza kwa vijana wanne kukutana chini ya mwembe na gitaa la kuazima. Ilianza kwa mwenye pesa kununua vyombo na kutafuta watu wa kuvipiga, na watu waliopatikana walikuwa wamekwisha kukomaa. Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa na NUTA tangu siku za mwanzo, alitoka JUWATA; Hassani Bitchuka naye alitoka hukohuko. Michael Enoch alikuwa fundi wa vyombo tangu enzi za Dar es Salaam Jazz, na ndiye aliyeiongoza bendi mpya. Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Chidumule nao hawakuwa wageni katika kumbi za jiji. Jina lilitokana na baa ya Mlimani Park, jirani na hapa chuoni. Nasikitika kwamba kizazi chetu tunaishi Mlimani miaka mitatu mizima, tunatoka na shahada, na hatujui kwamba jina la kilima chetu lilikuwa likitajwa redioni kila wiki bila uhusiano wowote na profesa yeyote.

Mtindo wao wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Gurumo, mwenyeji wa Kisarawe, ndiye hutajwa mara nyingi kuwa baba wa majina haya ya mitindo. Mimi naliona tendo hilo kama tendo la kifasihi kabla hata wimbo wa kwanza haujaimbwa. Mwajiri ana gitaa, spika na jina la kampuni. Wanamuziki hawana kitu, basi wanachukua jina la ngoma ya nyumbani, ambalo hakuna anayeweza kulidai kwa risiti, wanalivisha muziki wa magitaa na tarumbeta. Mabango yalisema Mlimani Park. Watu walikwenda kucheza Sikinde.

Sasa tuingie kwenye nyimbo zenyewe, maana mwenzetu hakuingia. Kwanza kuna suala la nafsi. Chukua wimbo wowote mkubwa wa miaka ile, Neema au Hiba au Nalala kwa Tabu, usikilize bila kutazama kitu kingine. Anayelalamika ni "mimi". Kisarufi ni nafsi ya kwanza umoja, hakuna ubishi. Lakini masikioni "mimi" huyo mara nyingi ana koo mbili au tatu. Sauti nzito ya Gurumo na sauti nyembamba ya Bitchuka, inayopanda mpaka unadhani itakatika, zinasema maneno yaleyale kwa pamoja: mimi nimeumia, mimi sikulala. Kwenye riwaya jambo hilo haliwezekani. Msimulizi wa nafsi ya kwanza ni mtu mmoja, na akiwa wawili tunasema mwandishi amekosea. Kwenye Sikinde hakuna kosa. Huzuni ya mtu mmoja inabebwa na kundi, na msikilizaji wa Maisaka au Mtwara anaingia kama koo la nne. Mwenzetu anauliza atamhakiki nani. Amhakiki huyo "mimi" mwenye koo tatu, kwani yuko wazi, anasikika.

Na huyo "mimi" hakuzuka kwa bahati tu. Bendi hizi zilipiga usiku karibu wiki nzima, saa nyingi mfululizo, na kwa hiyo ziliajiri watu wengi kuliko magitaa. Wapigaji walipokezana, waimbaji walipokezana. Wimbo uliotegemea koo moja tu ungekufa siku mwenye koo akipata homa. Wimbo wa bendi ya mshahara ulilazimika kutungwa uweze kubebwa na yeyote aliye zamu, kama teksi ya kampuni yenye madereva wawili. Hapa utaratibu wa kazi umeingia ndani ya sarufi ya wimbo, na mhakiki anayechambua maneno peke yake, bila zamu za kazini, atapitwa na jambo hilo.

Pili, tazama nyimbo hizi zinasemwa kwa nani. Majina tu yanatosha: Neema, Edita, Clara, Conjesta. Hizo ni nyimbo za kumwita mtu. Nyingine ni barua kabisa, Barua Kutoka kwa Mama. Nyingine inatoa onyo mbele ya watu, Usitumie Pesa Kama Fimbo. Kuna mtu ana uwezo fulani, wa pesa, wa penzi, wa uzazi, na kuna mtu mwingine anayemsemesha kwa adabu ingawa amechoka. Hapigani naye wala haondoki. Anajieleza. Lugha ni ya kusihi, ya kukumbusha wema uliopita, na palipo na lawama huwekwa kwenye fumbo, kama pale penzi linapopewa heshima ya meli na kuitwa MV Mapenzi, sawa na vyombo vinavyobeba abiria na mikungu ya ndizi kule ziwani.

Sisemi kwamba Neema ni bosi wa teksi. Mhakiki akifika huko amepotea. Nasema hivi: watu waliokuwa wameajiriwa, wasiomiliki chombo walichoshika mkononi, walikuwa na ustadi wa pekee wa kuzungumza na mwenye nguvu bila kumvunjia heshima. Ustadi huo waliutumia kwenye mapenzi na ndoa, na wasikilizaji wao, ambao nao wengi walikuwa waajiriwa wa mashirika, wake wa waajiriwa na wapangaji wa nyumba za watu, waliutambua mara moja. Ndiyo maana wimbo wa mapenzi uliweza kuimbwa na nchi nzima katika miaka ambayo sukari na sabuni zilipangiwa foleni.

Tatu ni umbo, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu wengi wanalijua. Wimbo una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya taratibu, shauri linaelezwa, tarumbeta na saksafoni zinajibu. Nusu ya pili ni chemko: maneno yanapungua, gitaa la solo linashika usukani, wachezaji wanajaa uwanjani. Kitu ambacho sijakiona kikiandikwa ni kwamba mara nyingi shauri halimaliziki. Hatuambiwi kama alisamehewa, hatuambiwi kama alirudi. Ugomvi unaachwa wazi na watu wanaucheza. Mwalimu wa tamthiliya angedai suluhisho. Sikinde inakuacha umechemka na jasho lako.

Kuna jambo lingine lililoifanya bendi iwe mtunzi mbele ya umma, nalo halikutoka ndani ya bendi. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Sahani za santuri za bendi zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi. Mlimani Park ikazaliwa basi katikati ya mlango uliofungwa. Njia kubwa ya kuufikisha wimbo mikoani ikawa moja: studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja kwa mkupuo mmoja, halafu wimbo unarushwa hewani. Sasa fikiri. Santuri ina karatasi ya duara katikati, na juu ya karatasi hiyo kuna jina la mtunzi. Redio haina karatasi. Mtangazaji mara nyingi anataja wimbo na bendi, basi. Kizazi kizima kikajifunza kuzijua kazi hizi kwa jina la bendi, na fundi wangu wa Maisaka ni mwanafunzi wa shule hiyo. Alipojibu "wa Mlimani" alikuwa anasema kile alichoambiwa na redio yake kwa miaka mingi, na masikio yake hayakuona sababu ya kupinga.

Niruhusuni niseme neno la pembeni kuhusu mgogoro wa ushairi, kwa sababu tumeusoma muhula mzima mpaka tukauota. Miaka ya sabini wasomi waligombana: shairi lisilo na vina na mizani ni shairi au si shairi? Kichomi ilitoka 1974, Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi 1976, na wino ulimwagika sana. Katika miaka hiyohiyo na iliyofuata, bendi za dansi zilikuwa zikiimba Kiswahili cha kawaida kabisa, mistari mirefu na mifupi, vina vikipatikana sawa, visipopatikana basi, na watu wasiojua hata kwamba kuna mgogoro wakazihifadhi nyimbo hizo kichwani neno kwa neno. Hakuna aliyekuja baa kuhesabu mizani. Sijui kwa nini hoja hii haitajwi darasani. Labda kwa sababu baa hazina maktaba.

Turudi. Mwaka 1983 TTTS haikuweza tena kuibeba bendi, na Mlimani Park ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, ambalo lilikuwa na kumbi zake za starehe. Bendi ikaitwa DDC Mlimani Park Orchestra. Kampuni ya teksi iliondoka, jina la mwajiri mpya likapandikizwa mbele ya jina la zamani, na mtindo ukabaki uleule. Mwaka huohuo, kwa wale wenzangu wanaopenda muziki wa Ulaya, kule Manchester vijana wanne wa The Smiths, waliokuwa wameanza 1982, walitoa santuri yao ya kwanza kwa kampuni ndogo ya Rough Trade, ambayo nayo ilianza kutoa sahani mwaka 1978, umri mmoja na Sikinde. Wazungu waliziita bendi za namna hiyo bendi huru, na uhuru wenyewe ulikuwa kutokuwa chini ya kampuni kubwa za muziki. Nimezisoma habari zao kwa wivu kidogo. Kwao hadithi ya bendi inaanzia kwenye urafiki na gitaa la mtu binafsi. Kwetu inaanzia kwenye bajeti ya shirika. Lakini angalia walikoishia. Nyimbo ziliandikwa kwa majina ya watu wawili, Morrissey na Marr, bendi ikavunjika 1987, na mwaka 1996 mpiga ngoma, Mike Joyce, alikuwa mahakamani akidai robo yake sawa ya mapato mengine ya bendi. Akashinda. Ndiyo kusema hata pale ambapo kila mtu ana gitaa lake, swali la mwenzetu lilifika mbele ya jaji.

Sasa 1985. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake hiyo, ile ya akina Ndala Kasheba, akawachukua wanamuziki sita wa msingi wa Mlimani Park, Gurumo na Bitchuka wakiwamo, akaunda International Orchestra Safari Sound. Mtindo mpya ukaitwa Ndekule. Hiki ndicho mwenzetu anachokiita usaliti.

Mimi nakataa, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni rahisi: Mlimani Park yenyewe ilizaliwa vilevile. Mwaka 1978 JUWATA ilinyang'anywa waimbaji wake, na hakuna shabiki wa Sikinde ninayemjua anayekiita kitendo kile usaliti. Ukihama kuja kwetu umepata akili, ukihama kwenda kwao umesaliti. Huo ni ushabiki wa mpira, si uhakiki. Ya pili ni nzito zaidi. Neno usaliti linamfaa mtu anayeiacha mali yake na ya wenzake. Hawa hawakuwa na mali pale. Mfanyakazi anayehama kwa mshahara bora anaitwa mfanyakazi. Kama kuna wa kuhurumiwa katika mkasa ule ni wale ambao makala ya mwenzetu hayakuwataja hata kwa neno moja, yaani wanamuziki wa Safari Sound ya zamani, ambao waliamka siku moja wakakuta bendi yao haipo kwa sababu mwenye vyombo amepata watu wengine.

Na hapa historia ilitufanyia sisi wahakiki jaribio ambalo hatungeweza kulipanga wenyewe. Koo mbili kubwa zimeondoka. Je, "mimi" wa Sikinde alikufa? Hakufa. Mlimani Park ilipata waimbaji wengine, ikaendelea kurekodi na kujaza kumbi, na mtu aliyefungulia redio katikati ya wimbo aliendelea kujua, kabla ya neno la kwanza, kwamba hii ni Sikinde. Magitaa yalivyosukana, tarumbeta zilivyojibu, shauri lilivyoachwa wazi, vyote vilikuwapo. Waliohama nao waliivumisha Ndekule kwa kishindo, lakini bendi ile ilitegemea utashi wa mtu mmoja, na haikudumu kama ile waliyoiacha. Gurumo alimalizia safari yake ya muziki Msondo, alikoanzia jina lake. Bendi zilizodumu zilikuwa na mtindo uliozidi watu wake, na mtindo unaozidi watu wake, kwa lugha yetu ya darasani, ndio mtunzi.

Najua mtego uliopo, na mhadhiri mmoja alinionyesha nilipomsomea rasimu hii. Alisema: kama bendi ndiyo mtunzi, na bendi ni mali ya kampuni, basi umeikabidhi kampuni hata utunzi. Nilinyamaza siku mbili. Maana ni kweli kwamba hoja kama yangu, ikidondokea mikononi mwa mtu mjanja, inaweza kutumika kumnyima Cosmas Chidumule Neema yake. Wimbo ule ulitoka kichwani mwake, naye ana haki ya kutajwa na kulipwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, miaka 21 baada ya Mlimani Park kuanza, na wengi wa watu ninaowazungumzia walikuwa wamekwisha kutoa bora yao. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya karibu nusu karne jukwaani, ilijulikana nchi nzima kwamba hajawahi kumiliki gari, mpaka kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, akamzawadia moja. Mwimbaji wa bendi iliyoanzishwa na kampuni ya teksi! Alifariki Aprili 2014.

Basi nilirekebisha hoja, sikuiacha. Utunzi na umiliki si kitu kimoja, na mtego wote unatokana na kuvichanganya. TTTS ilimiliki gitaa. Haikupanga hata noti moja. DDC ilimiliki ukumbi. Haikumfundisha mtu kuimba "mimi" kwa koo tatu. Ninaposema bendi ni mtunzi nawataja watu: Chidumule aliyeleta maneno, Enoch aliyevipanga vyombo, Gurumo na Bitchuka waliolibeba lalamiko, mpiga besi ambaye jina lake halitajwi na mtu, na mwimbaji wa zamu aliyeupokea wimbo siku mwenyewe yuko nyumbani na malaria. Hao ni watunzi kwa pamoja, na kama kuna malipo yangegawanywa kwa pamoja, kama Joyce alivyodai. Mwajiri hayumo katika orodha hiyo. Mwenzetu akitaka kuleta hoja ya kunipinga toleo lijalo nitafurahi, ila namwomba kwanza asikilize nyimbo tano kwa mfululizo, tena chemko zikiwamo, maana nilivyomsoma nahisi huwa anazima redio waimbaji wakinyamaza.

Siku ya kuondoka Babati nilipita tena kwa fundi kumuaga. Nilimwomba nizitazame kaseti zake. Ziko kwenye boksi la viatu, nyingi zimerekodiwa moja kwa moja kutoka redioni, na katika baadhi unasikia mwanzo wa taarifa ya habari kabla hajawahi kuzima. Juu ya kila moja kuna karatasi yenye mwandiko wake wa kalamu ya wino: Sikinde 1, Sikinde 2, mpaka Sikinde 14. Hakuna jina la mtu hata moja. Ya 9 mkanda wake ulikuwa umeliwa na redio; alikuwa ameukata na kuuunga kwa gundi ya karatasi, na alinionya kwamba pale kwenye kiungo Bitchuka anaruka neno.